Saa Aliyoiandika Nzioka

Kola, Jumanne alasiri

Syombua, mwaitu,

Umeenda Mitaboni kumuaga mama yako mdogo Ndinda, na namjua, hatakuachilia kabla hujala mara mbili. Kwa hiyo nina saa tatu, labda nne, za kuandika jambo ambalo nimeshindwa kulisema kwa miaka kumi na minane. Ukiona mahali ambapo herufi zimelala, ni mkono huu wa uzee. Siku hizi hata kikombe cha chai nakishika kwa mikono miwili.

Bado nakuita mwaitu, na wageni bado hushangaa kumsikia mzee akimwita binti yake mama. Ulipewa jina la mama yangu, nami nikakuita hivyo tangu siku ya kwanza, kama baba yeyote wa huku. Leo jina hilo linanipa shida. Ni kama namwandikia na yeye, na yeye hakuwa mtu wa kudanganywa.

Sitakuandikia habari za koti, wala chakula cha Ujerumani, wala namna ya kushona hela kwenye pindo la nguo. Hayo umeambiwa na kila aliyepita hapa wiki hii, na wengi wao hawajawahi kufika hata Mombasa. Mimi nina jambo moja tu.

Wiki tatu zilizopita uliniletea andiko lako la utafiti, kurasa kumi na mbili. Uliketi kwenye kiti cha mama yako ukinitazama nikisoma. Ukasema, "Baba, usinihurumie. Tumia kalamu nyekundu." Nikaitumia. Nilirekebisha koma. Nikakwambia aya ya tatu ni ndefu mno. Ukacheka, ukasema, "Ni hiyo tu? Basi nimeiva." Halafu ukaenda kuwafungia kuku, nami nikabaki na karatasi mapajani, na sikuweza kuinuka hata giza lilipoingia.

Andiko lako lote limesimama juu ya makala yangu moja. Unakwenda kutumia miaka minne ya ujana wako kutafuta ni kitu gani ndani ya mzizi ule kinachofanya seli zipone haraka. Hakuna kitu, Syombua. Najua, kwa sababu ni mimi niliyeandika kwamba kipo.

Jina la mti wenyewe sitaliandika hapa. Wewe unalijua, na sitaki mtu mwingine aisome barua hii kisha achukue jembe.

Ndinda ataisoma, ukimruhusu. Ana haki, marehemu mama yako alikuwa dada yake. Kwa ajili yake niache nieleze tulichokuwa tukikifanya, ingawa wewe sasa unakijua kuniliko. Ndani ya kiini cha kila seli kuna uzi mrefu mno wa DNA, na uzi huo umezungushwa kwenye protini ndogo zinazoitwa histoni, kama katani ilivyozungushwa kwenye kijiti. Mionzi ikipita, uzi hukatika. Seli haina macho ya kuona ulikatika wapi. Inachofanya ni kuzitia alama histoni zilizo karibu na mkato: kimeng'enya hubandika fosfeti kwenye mkia wa histoni moja, halafu nyingine, halafu mamia kwa mamia, pande zote mbili za jeraha, kwa dakika chache tu. Alama hizo husaidia kuwakusanya mafundi wa kuunga. Uzi ukishaungwa, alama huondolewa, na baada ya saa kadhaa huwezi kujua kwamba pale palikuwa na jeraha. Sisi tulizipaka alama hizo rangi ya kijani kwa kutumia kingamwili, kisha tukahesabu vitone chini ya darubini. Ukiona vitone vingi, jeraha bado ni bichi. Ukiona vichache, ama seli imepona, ama wewe umechelewa kuangalia.

Nataka Ndinda aisome sentensi hiyo ya mwisho mara mbili.

Hatukuwa na mashine ya mionzi. Tuliazima ya hospitali moja kando ya barabara ya Mombasa, wagonjwa wakishamaliza zamu zao, na maabara yetu ya chuo ilikuwa Athi River. Sahani za seli zikishapigwa mionzi, fundi wangu wa maabara, Nzioka, alizibeba kwenye sanduku lenye chupa za maji ya vuguvugu ili zikae kwenye joto la mwili. Nusu saa baada ya mionzi zilitakiwa ziwe zimefika kwangu, nizimwagie fomalini, dawa inayosimamisha kila kitu mahali kilipo. Hospitali haikuturuhusu kufungua fomalini kule, kwa sababu ya harufu yake, na wagonjwa wale walikuwa na taabu za kutosha. Watu walio na maabara na mashine chini ya paa moja hawawezi kufanya kosa letu. Sisi tulikuwa na barabara katikati ya jaribio.

Mara ya kwanza tulipolifanya, seli zilizonyweshwa maji ya mzizi na zile za kawaida zilikuwa na vitone sawasawa. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu Nzioka alileta kundi la kawaida kwa wakati, akarudi hospitali kuzipigisha mionzi zile za mzizi kwa zamu yake, maana sanduku lilikuwa dogo. Nikangoja. Lori la saruji lilikuwa limepinduka na kuziba barabara yote. Alipoingia alikuwa ametembea kipande cha mwisho kwa miguu, amelikumbatia sanduku kama mtoto mgonjwa, viatu vyeupe kwa vumbi.

"Daktari, hizi tutupe," akasema kabla hata ya kuketi.

"Kwa nini?"

"Zimekaa saa mbili na dakika ishirini. Na maji yangu bado iko moto, nimegusa. Hizi zimejitengeneza huko njiani zikamaliza. Kidogo tu zinisalimie."

Tulicheka wote wawili. Nikamwambia tuzimwagie fomalini tu, tuziangalie, hakuna hasara. Hapo sikuwa na nia mbaya. Nataka uamini hivyo, ingawa huna sababu.

Kesho yake niliweka jicho kwenye darubini. Seli za kawaida zilikuwa zimejaa kijani kama nyota za anga la Kola usiku mawingu yakiondoka, vitone huwezi kuvimaliza. Za mzizi zilikuwa na viwili, vitatu, nyingine hazina kabisa. Ilikuwa ile picha niliyokuwa nikiitafuta kwa miaka sita. Nikakaa nayo asubuhi nzima, mlango nimeufunga. Niliifahamu sababu. Nzioka alikuwa ameniambia sababu. Lakini ukitazama kitu kizuri kwa muda mrefu, ile sababu huanza kuonekana kama uvumi wa mtu aliyechoka na safari.

Kwa nini nilifanya vile? Nimejiuliza sana. Nilikuwa na miaka hamsini na saba, na wanafunzi wangu walikuwa wamenipita. Hilo ni kweli, lakini ni dogo. Kubwa ni mama yangu, yule uliyepewa jina lake. Alichemsha mzizi ule maisha yake yote kwa watu waliougua, na mimi nilipotoka shuleni na elimu yangu nilimcheka mbele ya wageni. Akafa kabla sijamwomba radhi. Nilitaka awe alikuwa sahihi. Nilitaka niende kwenye kaburi lake na makala mkononi. Nilikwenda, kweli. Nikaisoma kwa sauti, mzee mzima, peke yangu kwenye nyasi.

Kabla ya makala palikuwa na daftari. Nilimwita Nzioka, nikamwambia abadilishe saa aliyoiandika, aweke dakika thelathini.

"Daktari, mimi naandika saa yenye nimeona kwa ukuta."

"Nani mkubwa hapa?"

"Ni wewe. Lakini saa ni ya ukuta."

Hakusema kwa ukaidi. Alisema kama mtu anayekuelekeza njia. Basi nikalinakili daftari lote upya kwa mkono wangu, nikaandika dakika thelathini, na yale majaribio mawili ya mwanzo nikayaita mazoezi. Daftari lake nililibeba hadi nyumbani nikalichoma jikoni. Mama yako alikuwa anapika muthokoi. Akauliza, "Unachoma nini?" Nikamwambia karatasi za zamani. Akasema, "Afadhali, kuni ni mbichi." Wewe ulikuwa chini ya meza na mwiko, unapiga sufuria.

Nzioka nilimhamishia stoo ya vyakula vya wanyama. Nilimwandikia barua nzuri ya kumsifu uaminifu wake. Alikaa huko miaka tisa, hadi alipostaafu, na hakuwahi kumwambia mtu. Tulipokutana uani alinisalimia kwanza, kila mara.

Sasa nakuja kwa mama yako. Nimeinuka mara mbili tangu niandike mstari uliopita. Nimekwenda hadi mlangoni nikarudi.

Makala ilipotoka, redio ya hapa ilinihoji, na Mueni aliisikiliza shuleni pamoja na walimu wenzake. Aliporudi alinitania siku nzima, akaniita Bwana Mzizi. Aliikata picha yangu gazetini akaiweka ndani ya Biblia, hapo mwanzo kabisa wa Zaburi. Miaka minne baadaye aligundua uvimbe kwenye titi. Hospitali walisema wazi: upasuaji, halafu mionzi, na waanze mwezi uleule. Jioni ile, wewe ukiwa unaoga, akanijia na sufuria.

"Nitaanza na huu wa mama," akasema. "Nikimaliza muhula, darasa langu likishafanya mtihani, ndio niende kwa kisu."

"Mueni, daktari amesema mwezi huu."

"Wewe pia ni daktari. Si ni wewe uliandika? Seli inapigwa, mzizi unaiponya. Ama ulikuwa unatudanganya?"

Aliuliza akicheka. Ilikuwa utani wake wa kila siku. Mwaitu, mlango ulikuwa wazi namna hiyo. Neno moja tu, ndiyo, na angeiweka sufuria chini. Angenikasirikia mwaka mzima, angewaambia dada zake, chuo kingenifukuza, na angekuwa hai.

Nikasema, "Anza na huo, halafu tuone."

Kuna jambo jingine ambalo Ndinda hatalijua nisipolisema. Hata kama makala yangu ingekuwa ya kweli, ule ungekuwa mti wa kumnyima mgonjwa wa saratani. Mionzi hutibu kwa kuzikata nyuzi za seli mbaya kwa wingi kuliko zinavyoweza kujiunga. Mzizi wa kuponya mikato ungeziponya na zile. Mwanafunzi wa mwaka wa pili analijua hilo. Mimi nilikuwa nikilifundisha. Nililijua nikiwa nimesimama pale jikoni, na nikaacha aupike.

Alikunywa kwa miezi minane. Muhula ukaisha, ukaanza mwingine. Kila Jumamosi nilikwenda mwenyewe mlimani kuchimba, kwa sababu niliona heri uchimbwe na mkono wangu kuliko wa mwuzaji wa sokoni. Unakumbuka tulikwenda pamoja, ukibeba kikapu? Wewe ulifikiri unamtibu mama. Tulipomrudisha hospitali saratani ilikuwa imefika kwenye mifupa. Daktari mmoja kijana aliniuliza kwa nini tulichelewa, nikamwambia mgonjwa aliogopa. Yeye hakuwa ameogopa kitu chochote maishani mwake. Hata hilo nilimsingizia.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Baada ya mazishi ulikuja ukaniuliza kama mzizi haukutosha, kama pengine tungechimba mwingi zaidi. Nikakwambia, "Labda." Nimelibeba neno hilo kuliko yote. Kwa neno hilo ulichagua masomo yako. Ulikaa kidato chote cha nne na taa ya sola mbele ya vitabu vya biolojia, ukitafuta kilichopungua kwenye kikapu chako.

Tangu hapo nyumba hii imekuwa na watu wawili na siri moja, na siri ndiyo iliyokuwa ikila vizuri. Watu husema nilikataa kuoa tena kwa sababu ya mapenzi. Nilimpenda, hilo sitalikana. Lakini pia sikuweza kumlaza mtu mwingine karibu na jambo hili. Ulipokwenda chuo nilianza kusema na redio. Ulipokuwa ukipiga simu Jumapili nilijiandaa toka asubuhi, nikajiambia leo nasema, kisha nikasikia sauti yako nikauliza habari za mvua.

Mwezi uliopita, madaktari waliponiambia moyo wangu hauna safari ndefu, nilipanda pikipiki nikaenda kwa Nzioka. Anakaa nyuma ya kilima, ana ng'ombe wawili na meno machache. Alinitazama nikishuka na fimbo.

"Daktari! Umekuja kuomba msamaha ama kuomba maji? Maji iko."

Nikamwambia vyote viwili. Akanipa maji kwanza. Akauliza, "Kile kitabu kilienda wapi?"

"Nilikichoma."

"Pole. Ilikuwa na mwandiko mzuri." Akamfukuza kuku. "Na msichana, umemwambia?"

"Bado."

"Basi hujakuja. Hii umefanya ni kutembea tu. Enda umwambie, halafu urudi, ndio tutaongea."

Nilitaka kukasirika. Lakini alinisindikiza hadi barabarani, amenishika kiwiko, na akamwambia mwenye pikipiki aendeshe polepole kwa sababu amebeba mzee.

Asubuhi ya leo, kabla hujaamka, niliwatumia wahariri wa jarida maelezo ya yote niliyokuandikia hapa kuhusu jaribio, nikaomba makala ifutwe. Nilituma kwanza kisha nikaanza barua hii, kwa sababu najijua: ningekupa wewe uamue, kisha ungenihurumia. Jina la Nzioka nimelitaja, kwamba yeye aliandika ukweli. Sasa haiwezi kurudi.

Najua maana yake kwako. Msimamizi wako alikupokea kwa andiko ambalo msingi wake nimeubomoa siku moja kabla hujapanda ndege. Anaweza kukupa swali jingine. Anaweza kukwambia rudi nyumbani. Siwezi kukuahidi chochote juu ya mtu nisiyemjua. Ninachokuomba ni kwamba umwambie mwenyewe, siku ya kwanza, kabla hajasoma mahali pengine; usingoje mkae mzoeane. Mimi nilikuwa nikingoja wakati mzuri, na nimeona ulivyonifaa.

Na siku itafika utakapokuwa na picha nzuri mbele yako, na mtu mdogo kukuliko atasema kitu cha kuiharibu. Pengine atakisema vibaya, akiwa amechoka, na matope viatuni. Sijui utafanya nini siku hiyo. Mimi nilifunga mlango. Nakwambia tu kwamba chumba kile kilikuwa kidogo sana kutoka ndani.

Usibaki kwa sababu yangu. Ukibaki kwa hasira, nitaielewa, lakini utakuwa umeupa mzizi ule mtu wa pili. Ukibaki kwa huruma, itakuwa vibaya zaidi. Nenda, hata kama huniagi. Hilo ndilo ninaloliogopa tangu asubuhi, kuliko moyo, kuliko kaburi: kwamba kesho utabeba sanduku lako upite hapa mbele ya kiti changu bila kugeuka. Utakuwa na haki. Nimelipima jambo hilo pande zote, na kila mara naona ni heri uende ukiujua ukweli bila kunitazama, kuliko uniage vizuri ukiwa na kikapu kile bado begani.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii kati ya nguo zako, uikute ukishafika, ambako usingeweza kunifokea. Halafu pengine ungefika hapa kunizika, tukawa tumeepukana salama. Nilikuwa nimekwisha kuchagua sweta ya kuifungia.

Nasikia sauti yako kwenye njia, chini kule kwa jirani. Unamwambia mtu kwamba Ndinda amekujaza ugali mpaka huwezi kutembea. Sasa unaimba. Nimewaza nikuache unawe miguu kwanza, upumzike, tule pamoja mara moja zaidi kama zamani, kisha

Hapana. Ingia, mwaitu. Nakupa sasa, na sitaondoka kwenye kiti.

Baba yako